Oili Nyepesi

Dumu la kwanza Ndesanjo alilivuta kutoka nyuma ya gunia la pumba akidhani ni tupu, akashangaa uzito wake. La pili vilevile. La tatu lilikuwa limejaa vumbi, na kizibo chake bado kimeshikwa na kile kipete cha plastiki kinachokatika mara tu mtu anapofungua. Oili nzito yote aliyomkabidhi mwanawe Ebenezer tangu Pasaka ilikuwa pale stoo, haijafunguliwa hata dumu moja.

Sasa gari lilikuwa linanyweshwa nini?

Alikuwa ameingia humo kutafuta oili ya kuongeza tu, asiaibike mnunuzi akifika. Maana siku yenyewe ilikuwa ya kuliuza.

Ndesanjo aliendesha magari ya shamba la kahawa maisha yake yote, na mwenye shamba alipoondoka alimwachia gari lake la michezo, dogo, jekundu, la milango miwili. Lilikuwa zee tangu hapo, lakini likipita Kijenge hata mama lishe aliinua macho. Injini kama ile hutaka oili nzito. Sili zake, zile raba za kuzuia oili isivuje, zimekauka, na uchafu wa miaka ndio unaoziba penye nyufa. Ukiitia oili nyepesi ya magari ya siku hizi, inauosha uchafu ule, kisha inavujia palepale ilipopasafisha. Ebenezer alilijua hilo tangu akiwa shule ya msingi, kwa kuwa alifundishwa na baba yake. Magoti ya mzee yalipogoma, kazi ya kulala chini ya gari ikawa ya kijana.

Reginald, apelekaye watalii Momela, alilitaka sana. Krismasi iliyopita Ndesanjo alimjibu mbele ya familia nzima kwamba gari hilo haliuzwi, labda siku litakapomsumbua. Mzee alitamba, watu wakacheka. Kumbe kuna mtu alilishika neno lile.

Baada ya Pasaka likaanza kuvuja. Jumapili ya mavuno likamwaga oili uwanjani mwa kanisa, ikatiririka hadi chini ya mikungu ya ndizi iliyopangwa kwa ajili ya mnada. Yeye, mzee wa usharika, alisimama na Biblia kwapani asijue aweke wapi uso. Ebenezer ndiye aliyepiga magoti na maranda, akafuta. Akina mama wakamsifu Ndesanjo kwamba amelea, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni ile ile alimpigia Reginald simu.

Na sasa madumu haya. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi, na nguo yenyewe umeishona mwenyewe!

Alimwita Ebenezer, akamwonyesha. Kijana aliyatazama madumu, akatazama mlango. Hakukana. Alisema Reginald ameahidi kumpa yeye usukani wa gari hilo, kazi ya kudumu, na kwamba amechoka kukaa nyumbani akiwa mtu mzima.

"Ningekuomba uliuze, ungekataa, baba."

"Ningekataa," Ndesanjo alisema. "Tungenuniana mwezi mzima, yakaisha. Lakini uliniacha niaibike kanisani, halafu ukapiga magoti ukafuta."

Ebenezer akatoka, akavuka geti bila kuaga.

Reginald alifika na shikamoo yake ya heshima, funguo akiziona mezani tayari. Ndesanjo alimkaribisha chai, kisha akazirudisha mfukoni.

"Nilisema nitaliuza likinisumbua," alimwambia. "Gari halijanisumbua. Aliyenisumbua ni mwingine."

Reginald aliipuliza chai ambayo haikuwa ya moto. Akaaga mapema.

Mchana mzee aliteremka chini ya gari mwenyewe, magoti yakilia. Oili iliyotoka ilikuwa nyepesi kama mchuzi wa maskini. Akatia ile nzito, akawasha, akatandika boksi chini, akakaa kwenye kigoda kutazama. Roho ilimuuma, na hakuna aliyekuwepo wa kumficha.

Jua lilipoanza kushuka, mkewe Ndeshi alikuja na kitu mkononi. Lilikuwa jani la isale kutoka ua wa getini, ule waliouleta mche kwa mche kutoka Machame, limefungwa fundo. Kwao, anayeletewa isale ameombwa msamaha, na hakatai. Babu yake alilipokea hata kwa mtu aliyemwaga damu ya ndugu yake.

"Amesimama nje," Ndeshi alisema. "Anaogopa kuingia."

Ndesanjo alilipokea kwa mikono yote miwili, likalowa oili. Alijua imempasa aseme neno, naye mkewe alisubiri neno hilo.

"Mwambie nimelipokea," akasema. "Aingie, ale."

Ndeshi akaenda getini. Mzee akalilaza jani juu ya boneti, akainama kutazama chini ya gari. Tone moja lilikuwa limejikusanya kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, zito, halina haraka. Likaanguka kwenye boksi. Akasikia geti likifunguliwa, na hakugeuka. Alikuwa akilisubiri la pili.