Kisanduku cha Sauti ya Pili

Siku Crispin alipokitoa kile kisanduku kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka juu ya meza ya saluni yake pale Kasulu mjini, Makarius alidhani ni mashine mpya ya kunyolea. Kilikuwa chekundu, kidogo kuliko mche wa sabuni, chenye swichi ya kukanyaga kwa mguu na kitufe kimoja cha kuzungusha.

Crispin alikuwa kiongozi wa bendi ya Kasulu Stereo, cheo alichokipata kwa sifa moja isiyo na mpinzani: spika zilikuwa zake. Neno stereo lilikuwa la heshima tu, maana spika iliyokuwa ikilia ni moja. Yeye alipiga gitaa la solo. Makarius, fundi cherehani, alipiga gitaa la pili, yaani lile linalotembea sambamba na solo, juu yake kidogo, ili wimbo usikike umeshiba. Walikuwa hivyo tangu ujana wao.

"Ndugu yangu Makarius," Crispin akaanza. Mtu akianza kukuita ndugu yangu mbele ya wateja wenye povu kidevuni, ujue undugu umekwisha. "Dunia inakwenda mbele. Hapa unachomeka gitaa moja, yanatoka mawili. Nurudini wa duka la simu kaniletea kutoka Kariakoo. Chenyewe kinaitafuta ile sauti ya pili, kinaiongeza. Hakili, hakichoki, hakichelewi mazoezi."

"Na mimi?"

"Wewe upumzike, bwana. Umetumika sana."

Akachomeka waya, akakanyaga swichi, akapiga. Na hapa ukweli lazima usemwe, ingawa Makarius mwenyewe ulimchukua miezi kuukiri: kilikuwa kitamu. Sauti mbili zilitoka zimeshikana, safi, hakuna inayomsubiri mwenzake. Mteja aliyenyolewa nusu ya ndevu akapiga makofi. Makarius naye akapiga makofi, angefanya nini, kisha akarudi kwenye cherehani yake na kushona mfuko wa suruali ya mtu kwa nje.

Jioni alimweleza mkewe Josephina, aliyekuwa akichambua maharage. Josephina alikuwa mke mwema kwa kila hali, ila miaka yote ya ndoa alikuwa na swali moja ambalo halikupata jibu la kumridhisha: "Baba Raymond, hivi wewe hasa unapiga wapi?" Makarius alikuwa akimwambia kwamba ule utamu unaousikia kwenye gitaa la Crispin, ule ndio yeye. Josephina aliitikia, kwa ule mwitikio anaopewa mtoto anayedai ameona simba nyuma ya choo.

"Sasa watu watajuaje kama hupo?" akauliza safari hii.

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, na hilo lilimuuma Makarius kuliko maneno yote ya saluni. Alikula ugali wake wa muhogo bila kuusikia ladha, akiapa moyoni kwamba kwenye harusi iliyokuwa inakuja kule Kibondo watajua, na wa kwanza kujua atakuwa mama Raymond.

Bibi harusi alikuwa Aneth, binti wa kaka yake Josephina, na Kasulu Stereo ndiyo iliyoalikwa kupiga. Makarius alikwenda kama mgeni mwalikwa, shati limepigwa pasi, moyoni ana nia safi kabisa ya kuiona bendi ikiaibika.

Tumaini lake lilikuwa Mwajabu, mwimbaji wao. Mwajabu hakuwa mtu wa mazoezi. Alisema sauti yake si kiatu kipya, haina haja ya kuzoeshwa. Wala hakusubiri gitaa limpe pa kuanzia. Alianza pale koo lake lilipoamkia, leo juu, kesho chini, na magitaa yakamkimbilia nyuma. Akiwaona mashangazi wanakuja na zawadi, alipanda zaidi katikati ya wimbo bila kumuaga mtu. Kisanduku, kwa upande wake, kilitaka kuambiwa mapema wimbo utakaa kwenye kii gani, yaani sauti ianzie juu au chini kiasi gani, na kikishaambiwa hakibadili mawazo. Makarius aliyasikia hayo dukani kwa Nurudini, akaona si adabu kumsumbua Crispin kwa habari ndogondogo kama hizo.

Siku ya harusi Mwajabu akafungua kinywa, akaanza juu kuliko siku zote. Crispin akamtafuta, akampata, akakanyaga swichi kwa madaha. Solo ikaenda na Mwajabu. Sauti ya pili ikaenda kwake kwingine kabisa, kama mtu aliyekosea nyumba na anang'ang'ania kuwa yuko kwao. Makarius akaweka chini paja la kuku. Alikuwa na furaha ambayo padri asingeipenda.

Crispin, jasho likimtoka, akapiga magoti ili azungushe kile kitufe. Wazee wa upande wa bwana harusi, ambao hawajazoea kupigiwa magoti na mpiga gitaa, wakainuka kwa heshima na kumbandika noti kwenye paji la uso. Akasimama. Mwajabu akapanda tena, naye akapiga magoti tena, akatuzwa tena. Hapo mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mnaisikia hiyo? Hiyo ndiyo staili ya Dar sasa hivi!"

Basi ikawa ndiyo. Kosa likishaitwa la Dar es Salaam halina wa kulisahihisha huku kwetu. Vijana wakapiga mbinja. Bibi mmoja akapaza sauti, "Yebaba weee!" na kujitosa uwanjani. Josephina alikuwa mbele kabisa, kanga imekazwa kiunoni.

Alirudi mezani akihema. "Leo bendi imekolea," akasema, kisha akachukua soda ya mumewe akaimaliza. Makarius alitaka kulia. Alikuwa tayari kuvumilia watu wasijue kama hayupo. Hakuwa amejiandaa kwamba kutokuwepo kwake kungewapendeza.

Baada ya hapo Kasulu Stereo haikukaa bure. Watu wa Murungu wakaiita, wakisisitiza ije na kisanduku. Huko Murungu jenereta likanguruma vibaya, umeme ukaruka, na kisanduku kikatoa moshi mwembamba na kunyamaza. Nurudini alikitikisa karibu na sikio, akatangaza kwamba yeye ni muuzaji, si daktari.

Crispin akaenda kwa Makarius. Makarius alikuwa na hotuba ya siku hiyo, ndefu, yenye maneno kama utu na shukrani, ameinyoosha kuliko shati lolote alilowahi kushona.

"Kaka, Jumamosi tuna sherehe Buhigwe," Crispin akasema. "Rudi."

Hotuba ikampotea. "Nitarudi," akasema, haraka kuliko alivyopenda.

"Ila kuna jambo." Crispin akavuta stuli. "Upige kama kisanduku."

"Yaani vipi?"

"Vilevile. Pale kilipokuwa kinapotea, na wewe upotee. Watu wanaitaka ile."

"Unataka nikosee makusudi?"

"Siyo kukosea, bwana. Staili."

Makarius alimtoa kwa adabu, akisema ana suruali za watu. Kesho yake alikuwa mlangoni pa saluni kabla haijafunguliwa. Tusimpambe: alikuwa na hamu ya gitaa hadi vidole vinamwasha.

Kumbe kukosea vizuri ni kazi. Vidole vyake vilirudi vyenyewe kwenye noti sahihi, na Crispin akawa anamkemea: "Hapo umepatia! Rudia!"

Buhigwe, iliyokuwa bado ngeni katika cheo chake cha wilaya, ilijaa uwanja mzima. Crispin alikifuta vumbi kisanduku kilichokufa, akakiweka mbele watu wakione, na kila mara alikikanyaga kwa madaha yaleyale. Makarius alipangiwa kukaa nyuma ya spika, ile isiyolia. Mwajabu akaanza alikojua mwenyewe. Makarius akasikiliza kule sauti yake ilikotaka kwenda, kisha akaenda kwingine. Uwanja ukalipuka. "Kisanduku! Kisanduku!" vijana wakaimba, na Crispin akakiinamia kwa shukrani.

Asubuhi yake nyumbani, Josephina aliacha maharage aliyokuwa akichambua.

"Baba Raymond, jana pale uwanjani Buhigwe nilikusikia."

"Ulisikia kisanduku."

"Kisanduku hakisiti. Wewe kila ukifika pale ulikuwa unasita kidogo, kama unavyosita kabla ya kukata kitambaa cha mtu. Nikamwambia shemeji niliyekwenda naye, huyo ni mume wangu."

Kisha akaimba kile kipande, kibaya kuliko vyote, taratibu, bila kukosea hata noti moja. Makarius alijua la kufanya. Alipaswa kumwambia kwamba ule ulikuwa uongo, kwamba cha kweli alikipiga miaka yote mbele yake na hakukisikia. Akafungua kinywa.

"Rudia kidogo," akasema.