Mashine Isiyoazimwa

Mashine ilikohoa mara moja, ikalia kama sufuria iliyorushiwa mawe, kisha ikanyamaza. Tyyne alikuwa jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo, na hakuhitaji kuchungulia dirishani ili kujua. Alijifuta kwenye aproni, akavaa koti la mumewe kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, akatumbukiza miguu kwenye mabuti bila soksi, akatoka akiwa ameshakasirika.

Reino alikuwa amesimama mwisho wa njia yao, pale inapokutana na barabara, akiitazama mashine yao ya kuondolea theluji kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na tuta. Kila mtu wa rasi hii ya Keweenaw, iliyochomoza ndani ya ziwa kubwa, analijua tuta hilo. Usiku ziwa linatumwagia theluji, alfajiri greda la wilaya linapita kusafisha barabara, na yote linayoyasukuma linakuachia wewe mdomoni mwa njia yako, yameshindiliwa, yamechanganyika na barafu, mazito kama zege bichi. Theluji ya angani huna wa kumlaumu. Ya greda unamlaumu dereva, kwa jina lake na la mama yake.

"Imekula nini?" Tyyne aliuliza.

"Haijala kitu."

"Reino."

"Kuni. Kakipande tu."

Hako kakipande kalikuwa gogo zima la mti wa mbetula, limenasa kwenye meno ya mashine kama mfupa kooni. Lilianguka kutoka kwenye sleji Jumamosi Reino alipokuwa akivuta kuni za sauna, kile kibanda chao cha kuoga mvuke. Tyyne alimwona, akamwambia aliokote, naye akasema ataliokota kesho. Kesho yake lilikuwa limeshafunikwa.

"Basi ni bolti tu imekatika," Tyyne alisema. "Weka nyingine tuendelee. Saa zinakwenda."

Reino akaanza kujikuna shingo. Mwanamke aliyeishi na mwanamume tangu usichana wake anajua maana ya kujikuna kule.

Hii ilikuwa mashine ya pili. Ya kwanza waliinunua msimu uliopita, na muuzaji, kijana mpole, aliuliza maswali yote yanayofaa kuulizwa. Njia ina urefu gani? Reino akasema fupi, akasahau ile ya kwenda sauna na ile ya kwenda kwenye kuni. Theluji inaanguka nyingi? Ya kawaida, akasema, mtu ambaye kila Februari hutokea kwenye banda lake kama panya kwenye shimo. Chini ni lami au kokoto? Reino akajibu kwamba chini ni chini. Wakarudi na kimashine chepesi, chekundu, kizuri kama toi, cha aina ambayo meno yake ya mpira yanaikwangua ardhi yenyewe. Siku ya kwanza kilitema theluji. Siku ya pili kilitema kokoto, na dirisha la sauna likaenda.

Safari hii Tyyne alikwenda dukani naye, na akajibu yeye. Wakapata hii kubwa, yenye meno ya chuma mbele ya kukusanya na feni nyuma ya kurusha, na vibao vya chini vya kuinua tumbo lake lisiguse kokoto. Ilikuja na pakiti ya bolti laini. Bolti hizo zimetengenezwa ili zife. Meno yakigonga kitu kigumu, bolti inakatika, meno yanasimama, giaboksi inapona. Unaweka nyingine, unaendelea na maisha yako.

Reino aliliona jambo hilo kuwa ni tusi. Alikuwa amenoa misumeno ya kiwanda cha mbao maisha yake yote, na katika maisha hayo kitu kinachokatika ni kitu kibovu.

"Umeweka bolti gani?" Tyyne aliuliza.

"Bolti."

"Ya pakiti?"

Reino akajikuna shingo tena. "Ya kopo," akasema mwishowe. "Zile za chuma kigumu."

Tyyne alipiga magoti kwenye theluji. Bolti ya kopo ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Kila kitu kingine ndicho kilichovunjika. Giaboksi ilikuwa na ufa wa kupitisha ukucha, na chini yake doa la mafuta, jeusi kama kahawa, lilikuwa likijipanua taratibu.

"Inavuja kidogo," Reino alisema juu ya kichwa chake.

"Imepasuka."

"Nilitaka isikatike."

"Haikukatika. Hongera."

Tyyne aliinuka, akapangusa magoti. Saa nane mchana Reino alitakiwa kliniki ya moyo mjini, mwendo wa zaidi ya saa nzima barabara ikiwa nzuri. Daktari alishasema tangu vuli: asivute kamba ya kuwashia injini, asiguse beleshi, na aje apimwe tena ili waamue kama atapasuliwa kifua au la. Desemba hawakwenda kwa sababu ya theluji. Januari hawakwenda kwa sababu ya theluji. Nesi aliyepiga simu mara ya mwisho hakupandisha sauti, ila alisema, "Mama, moyo ule hausubiri majira ya kuchipua," na Tyyne alikuwa akiyasikia maneno yale kila alipozima taa.

"Tupige simu tu," Reino alisema, akiangalia mbali. "Wataelewa. Ni theluji."

"Desemba walielewa. Januari walielewa. Mimi ndiye nisiyeelewa. Kila siku ya kliniki, njia yetu inaziba."

"Sasa mimi ndiye ninayeleta theluji?"

"Wewe ndiye unayeishukuru."

Maneno hayo yalimchoma, na Reino akichomwa huwa anafanya jambo la kijinga bila kuchelewa. Akaenda kwenye ukuta wa banda, akachukua beleshi pana, akarudi nalo begani kama askari. "Unataka njia? Nitakupa njia."

Tyyne hakumshika mkono. Alipanda juu ya tuta, akageuka, akakaa. Alikaa kabisa, mzito, na lile koti kubwa likimzunguka, pale pale beleshi lilipokusudia kuanzia.

"Toka hapo, Tyyne."

"Chota. Utanichota na mimi."

"Watu wanakuona."

"Wanione. Kitendawili."

Reino alishusha pumzi. Tangu ndoa yao mkewe alikuwa akitega vitendawili kila alipokuwa na hasira sana, na yeye hakuwahi kuweza kujizuia. "Tega."

"Nina mtoto ana mvi, nikimfichia beleshi analia, nikimpa analala."

"Hicho si kitendawili. Hayo ni matusi."

"Nipe mji basi."

"Sikupi mji wala kijiji. Najua jibu."

Ng'ambo ya barabara injini ilikuwa ikinguruma polepole. Arvo, jirani yao, alikuwa amemaliza kwake zamani. Njia yake ilikuwa imenyooka kama imekatwa kwa rula, na sasa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja wake na mashine yake kubwa ya rangi ya machungwa, asivuke. Hakuvuka kwa sababu alikuwa na adabu, na kwa sababu alikuwa na kumbukumbu.

Huku kwetu majirani hawasafishiani njia ovyo. Nyumba yenye msiba ndiyo inayosafishiwa, kabla hakujapambazuka, bila mtu kuombwa wala kushukuriwa. Wafiwa wakiamka wanakuta njia nyeupe imefunguka hadi barabarani, tayari kwa wageni na kwa jeneza. Msimu uliopita, Reino alipolazwa, Arvo alimsafishia kwa moyo mwema tu. Reino akarudi kutoka hospitali, akaona zile kingo zilizonyooka, akakaa garini bila kushuka. "Nani kafa humu?" aliuliza. Alikaa hadi barafu ilipoyeyuka ziwani bila kumwamkia Arvo.

"Habari za hapo," Arvo aliita sasa.

"Nzuri," Reino alisema.

"Naona shemeji amepata kiti."

"Anapumzika."

"Ukiniomba tu, Reino. Neno moja. Dakika chache nimemaliza."

"Mimi bado napumua, Arvo."

"Nakuona. Kwa shida."

Tyyne aliwaangalia wanaume hawa wawili, mmoja huku na beleshi, mwingine kule na mashine, na barabara katikati yao kama mto usio na daraja. Alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakikuwa hasira tena, kilikuwa uchovu wa miaka yote aliyosubiri wanaume wamalize kununa ndipo aweke chakula mezani. Akashuka kwenye tuta, akavuka barabara.

"Arvo, sitaki unisafishie. Niazime mashine."

Arvo alimtazama kana kwamba ameombwa meno yake ya bandia. Watu wa huku wanaazimana gari, wanaazimana sauna, na yupo aliyewahi kuazima suti ya kuolea. Mashine ya theluji haiazimwi. Mtu ameizoea, imemzoea, ameipaka grisi mwenyewe kila vuli, ameimwaga petroli yote kila masika isije ikaozea ndani.

"Shemeji," Arvo alisema, "hii ina tabia zake."

"Nimeolewa na yule pale. Tabia nazijua."

Arvo aliangalia ng'ambo, akaangalia mashine yake, akavua glovu moja na kuivaa tena. Mwisho akasogea pembeni. "Gia ya kwanza tu. Huu mpini wa kushoto ndio mwendo, huu wa kulia ndio meno. Ukiachia yote miwili, inasimama. Tuta usiliingie kifua kizima, ulile nusu nusu. Na usiisukume."

"Usimsikilize," Reino alipaza sauti kutoka upande wake. "Aanze juu. Theluji ya greda inaliwa kuanzia juu, Tyyne, ukianza chini itakuangukia."

"Hawezi kuanza juu, mashine si mbuzi."

"Avunje juu kwa beleshi kwanza, ndiyo maana yangu."

"Wewe ni nani wa kufundisha? Yako iko wapi?"

"Yangu ilipata ajali."

"Mmoja aseme," Tyyne alisema. Wote wakasema. "Basi asiseme mtu."

Akashika mipini. Mashine ikashtuka, ikamvuta kuvuka barabara, akaifuata kwa hatua ndogo za bata, na ilipogusa tuta ikabadilisha sauti, ikawa nzito, ya shibe. Theluji ya kwanza ilitoka kwenye bomba la kurushia, ikapinda hewani na kumwangukia Arvo kichwani hadi mabegani. Hakusogea. Alibaki amesimama pale kama nguzo ya uzio, kofia imejaa.

Reino alicheka. Alicheka hadi akainama, akaegemea beleshi, na Tyyne, akimwangalia kwa jicho la pembeni, akahesabu kimoyomoyo hadi alipomwona ameinuka tena.

Aligeuza bomba upande wa pili. Alikula tuta nusu nusu kama Arvo alivyosema, na Reino akawa anabomoa juu kwa ncha ya beleshi, kidogo tu, bila kunyanyua, na Tyyne akaamua kutoona. Katikati bomba likaziba kwa theluji mbichi. Wanaume wote wawili wakafungua midomo. Yeye alishazima injini, akachukua kijiti kilichofungwa ubavuni mwa mashine, akachokonoa. Mkono hauingizwi humo hata injini ikiwa imelala, kwa maana feni huweza kujizungusha ghafla. Kanisani kwao kuna wazee watatu wanaopokea sakramenti kwa mkono wa kushoto, na hakuna anayewauliza kwa nini.

"Kamba ngumu," Arvo alisema, akisogea. "Ngoja nikuwashie."

"Rudi kwako."

Alivuta mara ya kwanza. Alivuta mara ya pili. Bega likalalamika. Mara ya tatu Reino akapiga hatua mbele, mkono umeshanyooka, na Tyyne akamtazama tu. Mkono ukashuka. Ukaingia mfukoni, wa pili ukaufuata, na hapo Tyyne aliona sura ambayo hakuwahi kuiona kwa mume wake: ya mtu aliyefika mahali mapema na hajui akae wapi.

"Choki," Reino alisema, kwa sauti ya chini. "Imesharudi nyuma. Ivute nusu."

Akaivuta nusu. Injini ikashika.

"Nenda kavae shati la kliniki," Tyyne alimwambia, juu ya ngurumo. "Lile la bluu. Na unyoe."

Alidhani atabishana. Reino alilisimamisha beleshi kwenye theluji, akageuka, akaondoka kuelekea nyumbani.

Tyyne alifungua mdomo wa njia, akairudisha mashine, akapanua kidogo kila upande ili gari lipite bila kukwaruza. Kingo zake zilipinda. Arvo alizitazama kwa maumivu, na alipokabidhiwa mashine yake alizunguka kuikagua pande zote, akalipapasa bomba, akasema tu, "Mafuta umeacha ya kutosha," kisha akavuka nayo kwake.

Hapo kimya kikarudi. Theluji nyingine ilishaanza, nyepesi, ya kuzunguka hewani kama haijaamua. Tyyne alilitoa gari bandani, akaliacha likinguruma karibu na barabara, joto lipate kupanda, akashuka na kifagio kufagia kioo.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Reino alitoka amevaa shati la bluu na koti la kanisani, kidevu kimenyolewa, kichwa wazi. Akaanza kushuka njia, katikati kabisa, polepole, mkono mmoja ukigusa ukuta wa theluji. Alipofika nusu alisimama. Mvuke wa pumzi yake ulitoka mfupi mfupi.

Tyyne hakumwendea. Aligeuka, akafagia kioo ambacho tayari kilikuwa safi, akafagia na taa, akafagia na namba ya gari, hadi aliposikia mabuti yake yameanza tena kukanyaga.