Jeupe na la Kijani

...na gari hili jeupe buti lake pana, dada, muuzaji anasema huku analipapasa paa kama mtu anayemsifu mwanawe mbele ya mwalimu, kiti cha magurudumu kinaingia bila shida, na mlango wa mbele unafunguka wote, mama anakaa kwanza, halafu unamgeuza miguu taratibu, na mimi naitikia sawa, sawa, kumbe macho yangu yako kwa lile la kijani, dogo, limebana mabega, buti lake ukiweka kapu la sokoni limejaa, lakini kwa chaji moja linakwenda karibu mara mbili ya hili, na bei zao zinakaribiana, mara mbili, tangu asubuhi neno hilo linanizunguka kichwani kama nzi... jeupe litatufikisha hospitali na kuturudisha, mazoezi ya viungo, dawa, nyumbani, na betri inabaki, linatosha, kila mtu kaniambia linatosha, hata kaka kwenye simu, yeye aliyeko mbali kila kitu kwake kinatosha, chukua linalomfaa mama, kasema, utadhani mimi nilikuwa nachagua viatu vya kuchezea dansi... na la kijani la nini, hebu jiulize, mpima ardhi gani wewe unayeshinda ofisini ukichora ramani za viwanja walivyopima wenzako, mwenyewe uliomba usipangiwe safari mama alipopata kiharusi, mkuu wa idara akakuangalia kwa huruma, akasema ni kwa muda tu, na huo muda umeota mizizi... zile asubuhi za porini, suruali imelowa umande hadi magotini, naisimamisha mashine ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, mwenzangu kule ng'ambo ya bonde anapunga mkono, hakuna anayeniita, hakuna anayenihitaji kwa lolote isipokuwa ile nukta moja... la kijani lingenifikisha huko, lakini lini, na nani atamgeuza mama kitandani, la kijani ni gari la siku ile ambayo... hapana, ishia hapo... la siku ambayo hakuna tena wa kupelekwa hospitali, haya, neno limetoka, halijatoka mdomoni lakini limetoka, nimesimama mbele za watu na tabasamu langu usoni nachagua gari la baada ya mama, na mama mwenyewe yuko hapa hapa, hatua chache nyuma yangu, sikio lake zima kabisa, na chaja ya ukutani tunakuja kukufungia wenyewe, dada, anasema muuzaji, unachomeka jioni kama simu tu, sawa, kama simu, sawa... yuko wapi, mama yuko wapi, kiti chake hakipo nilipokiacha, ah, kajisukuma kwa mguu ule mzima mpaka ubavuni mwa la kijani, anachungulia kiooni, kaweka kiganja mbele ya macho kuzuia mwanga.

"Hili," anasema, neno moja moja, yeye aliyekuwa anaongea kama redio, "hili... linafika kwa mdogo wangu?"

"Anakaa wapi, mama?" anauliza muuzaji.

"Juu huko. Milimani."

"Mama, ni mbali kule," nasema.

"Ndiyo maana nauliza gari. Ingekuwa karibu... ningekwenda... na hiki," na anakigonga kiti chake, na muuzaji anacheka, halafu ananitazama kuona kama inaruhusiwa kucheka... mama mdogo, hawajaonana tangu kabla ya ugonjwa, kila Jumapili simu, wanacheka, wanalia, na mimi nakuja kumpokonya simu nikisema usijichoshe, nilidhani hamu ya kwenda imekwisha, nilidhani, nani aliniambia, sikuuliza, nilimpimia mwenyewe, kitanda upande huu, hospitali upande ule, nikafunga mpaka, halafu usiku nalalamika moyoni kwamba ni yeye aliyenifungia... na kumbe anachungulia kioo kilekile nilichokuwa nakiibia macho.

"Lile la kijani," namwambia muuzaji, "ukilaza siti ya nyuma, kiti kinaingia?"

"Kinaingia, dada. Ila kwa kukibembeleza. Na kumkalisha mama itabidi uiname zaidi, mlango ni mwembamba."

Mgongo wangu, basi, na kiuno chake, kila siku, mvua na jua, hilo nalo si dogo, na milimani betri inaliwa na miinuko, itabidi kupumzika njiani, tukae wapi, choo kiko wapi, mlango wa mama mdogo una ngazi ngapi... sijui, sijui lolote bado, magari mawili haya hapa, muuzaji anahamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu hadi ule, lipi sasa, dada, na mimi nachuchumaa mbele ya kiti cha mama mpaka macho yetu yanalingana.

"Na wapi kwingine?" namuuliza. "Mbali na kwa mama mdogo. Wapi kwingine?"

Ananitazama sana, kama anayepima iwapo namtania, halafu anainua mkono wake mzima na kuanza kuhesabu kwa kukunja vidole.