Filamu Haikutembea

Mwaka ule biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ofisi ya ushirika mjini Shinyanga ilipunguza watu, na Mwamvua, aliyekuwa mpiga chapa tangu usichana wake, alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai na khanga aliyokuwa akiitandika kwenye kiti. Mumewe Salmini, fundi cherehani, alimwambia apumzike sasa, amefanya kazi ya kutosha.

Kupumzika ndiko kulikomshinda. Alisugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, kesho yake akalirudisha. Mchana alikwenda stendi bila safari, akasoma vibao vya mabasi, Kahama, Tabora, Mwanza, kisha akageuka na kurudi. Hata akiwa amekaa, vidole vyake viligonga paja kana kwamba bado kuna mashine chini yake.

"Mama Zakia," Salmini alimwambia siku moja akiwa na sindano mdomoni, "unanichosha mimi niliyekaa."

Karibu na stendi palikuwa na studio ya Taramati, mjane wa Kihindu aliyeendelea na kazi ya picha baada ya mumewe kufariki. Mji mzima ulimwita Mama Viral, kwa jina la mwanawe. Asubuhi moja alimwona Mwamvua akipita, akirudi, akipita tena, akatoka mlangoni.

"Mama Zakia! Umedondosha nini barabarani?"

"Shikamoo, Mama Viral. Sijadondosha kitu."

"Marahaba. Basi ingia, unanitia kizunguzungu."

Ndani, Taramati alimtazama akigusa kila kitu: mapazia, kiti cha wateja, taa. Hakumkataza. Alifungua sanduku, akatoa kamera ya zamani ya marehemu mumewe, nzito, ngozi ya kasha lake imechanika pembeni.

"Chukua. Kila siku piga picha moja. Moja tu. Na usirudie kitu ulichokwisha kupiga. Filamu ikiisha niletee, tutaisafisha hapa hapa, tuone."

"Mimi sijui kupiga picha."

"Ndiyo maana nakwambia moja. Mtu asiyejua akipiga kumi, kumi zote zinaharibika." Alichukua filamu mpya. "Njoo nikuonyeshe inavyowekwa. Huu ulimi unauchomeka hapa, halafu unavuta kidogo, unaangalia kama..."

"Nimeelewa," Mwamvua alisema, mkono tayari umenyooshwa.

"Sijamaliza."

"Nimeelewa, Mama Viral. Miaka yote nimeweka utepe kwenye mashine ya chapa, nitashindwa hii?" Akaichukua, akaichomeka, akafunga mfuniko. Tak! Alikuwa barabarani kabla Taramati hajakaa.

Siku ya kwanza alipiga picha ya mzani wa pamba uliotupwa nyuma ya ghala. Siku ya pili alimpiga fundi baiskeli. Baada ya hapo kazi ikawa ngumu. Ile picha moja ilimsumbua kama jino. Akiitumia asubuhi, mchana wote alikuwa akiona vitu vizuri zaidi na kujuta. Akiiweka akiba, alizunguka mji hadi jua linakaribia kuzama, halafu akapiga chochote kwa hasira: kuku, ndoo, mgongo wa mtu asiyemjua. Aliwachungulia watu madukani mpaka wakamuuliza ametumwa na nani. Zakia, binti yake, aliona haya kupita naye sokoni. Lakini Salmini alitambua kuwa kabati halijahama tena, akamwacha aendelee.

Katika siku hizo alimpiga picha Marselino. Huyu alikuwa mdogo wake Sikujua, mwanamke wa Kisukuma aliyeuza maziwa mgando pale stendi. Kijana alikuwa anakwenda machimbo ya Bugarama kutafuta dhahabu, na dada yake alikuja kumsindikiza. Mwamvua aliomba ruhusa. Marselino akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, akasimama kando ya lori akiwa ameweka mkono begani kwa dada yake. Mwamvua alimtazama kwa muda mrefu kwenye kidirisha cha kamera, akiogopa kuikosea. Kisha akabofya. Lori likaondoka.

"Utanipa na mimi moja?" Sikujua aliuliza. "Mama hana hata picha moja ya huyu mtoto."

"Nitakupa. Filamu ikiisha tu."

Wiki zikapita. Namba ya kuhesabu picha kwenye kamera ilifika mwisho, ikapita mwisho, na kamera bado inakubali. Mwamvua alifurahi, akadhani amepewa ziada. Lakini asubuhi moja Sikujua alimjia nyumbani, ndoo ya maziwa kichwani, hata hakuitua.

"Mama Zakia, ile picha. Naiomba leo."

"Kuna nini?"

"Wametoka watu Bugarama. Wanasema duara moja limeporomoka." Duara ni shimo wanalochimbia. "Wengine wamekufa, wengine wametawanyika machimbo ya Geita. Nimewauliza Marselino, wanasema kule watu wanaitana kwa majina ya utani, hawamjui. Nikiwa na picha madereva wataionyesha huko. Bila picha nitasema nini? Kijana, mweusi, mrefu? Wote ni vijana weusi warefu."

Walikwenda pamoja studio, Mwamvua akitembea mbele karibu anakimbia. Taramati alipokea kamera, akashika kitufe cha kurudishia filamu, akaanza kuzungusha. Akasimama. Akazungusha tena, taratibu, akiwa ameinamisha sikio. Halafu akafungua mfuniko pale pale, mbele ya mwanga wa mlango.

"Mama Viral, utaiunguza!"

"Hakuna cha kuungua," Taramati alisema. Ulimi wa filamu ulikuwa umelala pale kama ulivyowekwa siku ya kwanza. "Haikushika kwenye meno. Filamu haikutembea, Mama Zakia. Umebofya siku zote hizi, na yenyewe imekaa hapa."

Mwamvua aliutazama ule ulimi. Mzani, fundi baiskeli, kuku wa hasira, yote aliyoyazungukia mji mpaka miguu ikamuuma. Hakukuwa na hata moja. Hayo angeweza kuyabeba. Lakini Sikujua alikuwa amesimama nyuma yake, ndoo bado kichwani, akisubiri kuelezwa.

"Picha haipo," Mwamvua alimwambia. "Ni mimi. Nilionyeshwa kuweka filamu nikajifanya najua."

Sikujua hakupiga kelele. Aliitua ndoo, akaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha mbele ya pazia, akafuta uso kwa upindo wa khanga. "Basi nitakwenda mwenyewe," akasema. "Macho yangu yatakuwa picha."

"Nitakwenda na wewe."

Alisema kabla hajafikiri. Jioni, alipomwambia Salmini, mumewe aliweka mkasi chini.

"Machimboni? Kufanya nini? Wewe si ndugu yao."

"Nilimwahidi kitu sikumpa."

"Na kukaa nyumbani utaweza?"

"Hapana."

Salmini akachukua tena mkasi wake. "Basi vaa viatu vya kufunga. Na mrudi na lori la mtu mnayemjua."

Kesho yake mapema Taramati alimpa filamu nyingine, lakini si kabla ya kumfanya aweke na kutoa kipande cha filamu mbovu mpaka vidole vikamuuma. "Ukivuta, angalia kitufe hiki. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, simama. Usiniambie umeelewa. Nionyeshe." Mwamvua akamwonyesha, akamwonyesha tena.

Walipanda lori la mahindi. Barabara ya Kahama ilikuwa vumbi tupu, na kila waliposimama Mwamvua alishuka kabla ya gari kutulia, akauliza, akapanda. Sikujua alibaki juu ya magunia.

Bugarama ilikuwa mji wa maturubai. Wanawake walitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, na kila aliyepita alikuwa na rangi moja, kijivu cha vumbi la mawe, kuanzia nywele hadi kucha. Sikujua alimkodolea macho kila kijana. Mwamvua alianza kuelewa hofu yake: hapa hata mama angeweza kupishana na mwanawe asimtambue.

Walipofika kwenye maduara, mtu mmoja mnene aliwazuia. Aliitwa Ignas, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa duara lililoporomoka.

"Hiyo kamera ya nani? Kampuni au serikali?"

"Ya mama mmoja wa mjini. Mimi najifunza tu. Napiga picha moja kila siku."

Watu walicheka, lakini Ignas hakucheka. "Unajifunza kwenye mashimo yetu? Juzi watu wamepiga picha, wiki hii tunasikia tuhame. Toa filamu."

Mikono ya Mwamvua ilitaka kufanya kitu, kuficha, kukimbia, kubishana. Aliishikilia kamera kifuani. Sikujua ndiye aliyesogea mbele.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo, na akamweleza kwa lugha hiyo hiyo, polepole, nani anamtafuta, mwana wa nani, wa kijiji gani. Mwamvua alielewa maneno machache tu. Aliona uso wa Ignas ukilegea.

"Yule ngosha, kijana wa Didia?" Ignas aliuliza, akirudi kwenye Kiswahili. "Yule anayeimba akiteremka? Si mngetaja jina lake la huku! Sisi tunamwita Redio. Hajafa. Gogo lilimvunja mguu siku ile. Yupo kibandani kule nyuma, na hataki mtu wa kwao ajue."

Sikujua alikimbia. Khanga ilimdondoka, hakugeuka kuiokota. Mwamvua aliiokota akamfuata.

Marselino alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa vijiti na vitambaa. Alipomwona dada yake aligeuza uso ukutani.

"Nani amekuleta?"

"Miguu yangu. Mama hali, halali, na wewe umelala hapa unaitwa Redio?"

"Nilisema sirudi mikono mitupu."

"Nani alikutuma mikono iliyojaa? Nani?"

"Nilijisema mwenyewe. Nilisimama pale stendi na shati jipya, watu wote wananiona, mpaka picha nikapigwa." Akamwona Mwamvua mlangoni. "Huyu ndiye aliyenipiga. Mama, ile picha ilikuwaje? Nilipendeza?"

Mwamvua angeweza kusema ndiyo. "Haikutoka," akasema. "Filamu haikutembea. Hakuna kilichotoka."

Marselino alimtazama, kisha mabega yakaanza kutikisika. Mwamvua alidhani analia. Alikuwa anacheka, meno meupe kwenye uso wa kijivu, huku akishika mguu kwa maumivu. "Haikutoka! Basi tuko sawa, mama. Na mimi dhahabu yangu haikutoka."

Sikujua naye alicheka na kulia kwa pamoja, akampiga kibao cha begani.

Marselino hakukubali kupakiwa kwenye lori siku ile. Alisema barabara ile itamvunja upya, na mganga wa mifupa aliyemfunga alisema hivyo hivyo. Sikujua akaamua kubaki amuuguze. Lakini mama yao hangeamini maneno matupu, hasa baada ya habari za maiti.

"Mpige," Sikujua alisema. "Hivyo hivyo alivyo. Mama amwone."

Mwamvua aliweka kamera jichoni. Alivuta, akaangalia kitufe. Kilizunguka. Alivuta pumzi, akabofya mara moja.

Nje, Ignas alikuwa anamngoja, na nyuma yake wanaume kadhaa wamejipangusa nyuso kwa maji. "Na mimi nipige," alisema, sauti imeshuka. "Nina mama Bariadi. Hajaniona tangu uchaguzi ule wa zamani."

"Mimi napiga moja tu kwa siku."

"Nani kakuwekea sheria hiyo?"

Mwamvua alifikiria Taramati, akafikiria uso wa Sikujua pale studio. "Mwalimu wangu," akasema. "Atanigombeza. Simama hapo, geukia jua." Akawapiga mmoja mmoja mpaka filamu ikagoma kuvutika, na kila mara aliangalia kitufe.

Taramati hakumgombeza. Alizisafisha picha nyuma ya pazia jeusi, Mwamvua akizunguka nje mpaka akaambiwa akae au aondoke. Zilitoka. Ya Marselino ilikuwa imeegemea upande, nusu ya mguu imekatwa, lakini uso ulikuwa wake, na bado kulikuwa na kicheko pembeni mwa mdomo.

Aliipeleka kijijini Didia siku hiyo hiyo kwa baiskeli ya Salmini. Mama yao, Generosa, aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Amekonda," akasema.

"Amekonda, mama. Lakini yuko hai, na Sikujua yuko naye."

"Mbona anacheka? Mtu aliyevunjika mguu anacheka nini?"

Mwamvua akaketi kwenye kigoda, akaanza kumweleza tangu mwanzo, tangu ulimi wa filamu. Bibi alisikiliza bila kuiachia picha. Mwezi ulipopinduka, mwanawe mkubwa, Herman, alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni akaenda kumchukua nduguye, na kwa sababu mkokoteni unakwenda polepole mguu ulifika salama. Marselino hadi leo anachechemea kidogo. Anauza maziwa na dada yake.

Picha za wachimbaji alizipeleka Ignas mwenyewe alipopita mjini. Alirudi tena, ametumwa na wengine, wakitaka mpiga picha aje. Taramati alimtazama Mwamvua, ambaye tayari alikuwa amesimama.

"Kaa kwanza umalize chai," Taramati alisema.

Mwamvua aliinywa akiwa amesimama.