Barabara ya Kushuka Ziwani

Asubuhi hiyo Nkwabi alikuwa akipalilia karanga juu ya njia ya zamani ya hospitali. Njia hiyo waliilima wenyewe, yeye na kundi lake la kulimiana, mara tu barabara ya msaada ilipokamilika. Nani angeuacha udongo mzuri namna ile ulale bure, na barabara pana ipo? Mpakani wakapanda minyaa, ikashikana ikawa ukuta.

Barabara ilikuwa zawadi. Nchi moja tajiri ya ng'ambo ilileta fedha, mitambo na mhandisi, na wanakijiji wakachinja fahali kushukuru. Ilitoka kwenye mgodi wa dhahabu, ikapita kijijini, ikashuka ziwani kwenye meli. Hospitali ya misheni ilikuwa upande wa mgodini.

Mama yake, Paskazia, aliyezalisha wanawake wengi kijijini, alimfuata shambani.

"Mwanangu, mtoto amekaa vibaya. Klara hawezi kujifungulia hapa."

Walimlaza Klara, mke wa Nkwabi, kwenye kitanda cha kamba, wanaume wakambeba. Walitembea kwa bidii mpaka jua likawa kali, na mlango wa Nkwabi bado ulikuwa ubavuni mwao. Barabara ilikuwa ikitelemka chini ya nyayo zao kuelekea ziwani, polepole, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji.

"Inaturudisha, mayu," Nkwabi alimwambia mama yake.

"Basi kimbieni!"

Walikimbia. Wakajikuta kwa jirani wa upande wa ziwani.

Lori la mgodi likaja likipanda, na barabara ikatulia ili lipite. Dereva wake, Pantaleo, alikuwa mtu wa huruma. Alisimama, akampakia Klara. Magurudumu yakazunguka, vumbi likatimka, lori likabaki palepale.

Mhandisi, aliyekuwa ameketi karibu na dereva, alishuka akaikagua barabara.

"Haina kasoro," alisema. "Walioitoa wanataka dhahabu ifike melini. Kupanda, inapitisha mitambo na vitu vya mgodi."

"Na sisi, bwana?"

"Ninyi ndio mliopewa."

Alilisema hilo kwa upole, na upole huo ulimuuma Nkwabi kuliko tusi. Pantaleo alimshusha Klara huku akiomba radhi. Lori likaondoka bila shida.

Nkwabi alichukua panga akaivamia minyaa iliyoziba njia ya zamani. Utomvu ulimrukia machoni, akaendelea kukata bila kuona, akiilaani mikono yake mwenyewe iliyopanda vizuri namna ile. Alikuwa hajapata hata upenyo wa kupitisha kitanda, Paskazia alipomshika bega.

"Acha, baba. Klara ametutoka. Na mtoto pia."

Kesho yake wakubwa wa ng'ambo walikuja kuitazama zawadi yao. Makaburi ya Wakristo yalikuwa upande wa ziwani, kwa hiyo waombolezaji walisimama barabarani na jeneza begani, wala hawakuhitaji kunyanyua mguu. Barabara iliwachukua taratibu, bila mtikisiko.

Mkubwa wa wageni alivua kofia.

"Kumbe wenyeji nao wanaitumia," alimwambia mhandisi, akafurahi kweli. Kisha akamgeukia Nkwabi, aliyekuwa mbele na macho yaliyovimba, akamuuliza wangependa wasaidiwe nini kingine.

Nkwabi alifungua kinywa ajibu, lakini barabara ilikuwa imekwisha kumpitisha.