Saini ya Kidonge cha Kumi na Saba

Mficha uchi hazai, husema watu. Orlinda Archuleta aliuficha wake siku arobaini, na akazaa: alizaa aibu, akainyonyesha, ikaota meno.

Uchi wenyewe ulikuwa saini. Kule maabara, juu ya kilima, walikuwa wakifunga plutoni, madini yenye sumu ya mnururisho, ndani ya magamba ya madini magumu: vidonge vinavyotoa joto lao wenyewe bila kuni wala jua, ili chombo kiendacho kwenye mwezi wa Zohali kipate umeme mahali ambapo jua ni nyota tu. Kazi ile hufanywa na wawili. Mmoja hutia mikono katika glavu za sanduku lililozibwa. Mwenzake husoma kila hatua kwa sauti, na hatii saini mpaka aone kwa macho yake.

Mwenye glavu alikuwa Delfino Maestas, baba wa ubatizo wa Orlinda, fundi wa miaka thelathini na minne kazini. Ndiye aliyemtoa Orlinda jikoni mwa mgahawa huko bondeni akampandisha kilimani. Msomaji alikuwa Orlinda.

"Zungusha mshono wa gamba duara zima chini ya lenzi," alisoma siku ile.

Delfino aliuzungusha nusu. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Akakirudisha kidonge mahali pake.

"Baba, bado nusu."

"Hiyo nusu nimeichomelea mimi, mwanangu. Leo unanikagua mimi niliyekushika kichwa ukimwagiwa maji kanisani? Tia saini, bibie, tukale."

Akatia. Wakaenda kula mikate ya tortila na pilipili ya kijani aliyofungasha mke wa Delfino, na Orlinda akaisifu pilipili. Hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kwamba aliisifu pilipili.

Tangu hapo kila mkono wake uliposhika kalamu alitamani kuusukumia mfukoni. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Kidonge nacho kikasafirishwa, kikapangwa pamoja na vidonge vingine ndani ya mtambo wa chombo. Roketi ikilipuka, gamba lenye ufa lingeweza kumwaga sumu yake juu ya watu wasiomjua Orlinda wala Delfino. Siku ya arobaini, wiki mbili kabla ya chombo kurushwa, aliingia kwa mkuu wa ukaguzi.

"Kidonge cha kumi na saba," alisema. "Nilisaini nusu nisiyoiona."

Mtambo ukafunguliwa. Nafasi ya kurusha ikapita, kwa kuwa sayari hazimngoji mtu, na iliyofuata ilikuwa baada ya miaka mitatu. Delfino alistaafishwa kwa barua, bila hata keki. Orlinda alipelekwa ghalani kuhesabu glavu.

"Haya, Jicho Nusu," wafanyakazi wenzake walimkejeli kwenye foleni ya kahawa, "glavu umehesabu zote, au nusu?"

Akajaza kikombe chake, akarudi ghalani.

Kisha majibu ya uchunguzi wa kidonge yakaja. Mshono ulikuwa mzima, duara zima, hauna doa.

Jumapili, misa ilipokwisha, Delfino alimkuta kwenye uwanja wa kanisa. Mkewe alisimama nyuma yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Umesikia? Mzima!" alisema Delfino. "Miaka thelathini na minne, unaniumbua kwa kidonge kizima! Chombo kimelala bohari, na mimi nimelala sebuleni kama paka."

"Nimesikia, Baba."

"Basi niombe radhi, hapa, mbele ya mama yako wa ubatizo. Tuyamalize."

Uso ulimwaka Orlinda. Aliitazama mikono ya mzee. Ilikuwa ikitetemeka peupe, haina glavu ya kuisitiri. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Saini ile naionea haya mpaka niingie kaburini," alisema. "Ningekukatalia pale pale, usingefika hapa. Kwa hilo nipige hata kofi."

"Sitaki kofi. Nataka neno moja."

"Kwa kutia saini?"

"Kwa kusema."

"Kwa kusema, Baba, siombi radhi."