Kitabu cha Kijani na Alhamisi za Corinne

Haya niliambiwa na Corinne Kratochvil mwenyewe, mwaka juzi, baridi ilipoanza kuuma, siku tuliyokuwa tukimenya viazi jikoni mwa kanisa kwa ajili ya msiba wa mzee Ruzicka. Wenzetu walikuwa juu wakipanga viti. Alianza kusimulia bila kuniangalia, kisu kinakwenda, maganda yanaanguka, nami sikumkatiza.

Nyumba ya Corinne iko mwisho wa njia ya changarawe, katikati ya vilima vya majani, na ukisimama mlangoni huoni paa la mtu mwingine. Mumewe, Rodney, anaendesha lori la kubeba ng'ombe. Akiondoka Jumapili baada ya ibada humwoni tena hadi Ijumaa, na akirudi anakuwa hoi, hata maneno yanamtoka kwa shida. Nyumbani hubaki Corinne na binti yao wa pekee, Tirza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, na mbwa, na redio inayotaja bei za ng'ombe. Siku moja Corinne alijikuta anaijibu ile redio. "Mnasema kweli?" aliiambia. Tirza alicheka hadi akashika tumbo. Corinne naye akacheka, lakini kile kicheko hakikufika ndani.

Tirza alisomea nyumbani, kama watoto wengi wa huku vilimani. Mwaka wa kwanza Corinne alipoanza kumfundisha, majirani walikuwa wakipita asubuhi kuazima hiki na kile, masomo yanalala. Ndipo Lavonne Hesse, mama aliyewatangulia wote kwa kusomesha nyumbani, akampa shauri wanalopewa wote: weka kibao getini. Corinne akachukua ubao, Tirza akaandika kwa rangi nyeupe, herufi moja kubwa, moja ndogo: TUNASOMA. TAFADHALI NJOO BAADA YA SAA NANE. Wakaupigilia misumari. Tangu hapo asubuhi zao zikawa kimya. Kwetu huku, mtu mwenye adabu zake habishi hodi kwenye nyumba yenye kibao cha namna hiyo, hata awe amebeba dhahabu.

Siku iliyokuwa na watu ni Alhamisi. Kila Alhamisi akina mama hao hukutana na watoto wao mjini, katika ukumbi wa chini ya kanisa. Huyu anafundisha watoto wote hesabu, yule kuimba, na wasio na zamu wanakaa jikoni na kahawa, wanazungumza. Akija mama mgeni hawamuulizi jina kwanza. Wanamuuliza, "Wewe unatumia nini?" Yaani unafundishia vitabu gani. Akishajibu, wamemjua.

Alhamisi ndiyo siku aliyovaa Corinne hereni zake. Siku nyingine hereni za nini, na wa kuziona ni mbwa?

Sasa, sarufi na utungaji pale Alhamisi vilifundishwa kwa kitabu chekundu, na mwalimu wake alikuwa Lavonne mwenyewe. Katika kitabu hicho mtoto huchukua sentensi, akaivunjavunja, akaichora ubaoni kwa mistari, kila neno na tawi lake. Lavonne alikuwa amelea watoto saba kwa kitabu hicho, na wote wanaandika barua zisizo na kosa. Wala usidhani Lavonne alikuwa mkali wa roho. Corinne alipoharibikiwa mimba ya pili, Lavonne ndiye aliyekuja, akavaa aproni bila kuulizwa, akaosha vyombo, akafua, akakaa kitako kando ya kitanda bila kusema chochote cha kijinga. Mtu wa namna hiyo utamsahau?

Lakini Tirza na kitabu chekundu hawakupatana. Akiitwa ubaoni, chaki inamvunjikia. Matawi yanakwenda kusiko, watoto wengine wanaguna, Lavonne anasema, "Taratibu, mwanangu, futa uanze tena," naye anafuta, na anaanza tena, na machozi yanachuruzika kimyakimya.

Corinne alijiambia atazoea.

Machi ile, wakati wa ng'ombe kuzaa, walikuwa kwenye pikapu wakizunguka kukagua ndama. Tirza akamsimulia mama yake kisa cha ndama mmoja aliyejificha kuikwepa theluji nyuma ya tangi la maji, akadhani mvumo wa kinu cha upepo kinachovuta maji ni mama yake anamwita, akakaa akikijibu usiku kucha. Kisa kilianza walipofungua lango la kwanza, kikaisha walipofunga la mwisho. Corinne alisahau hata kuhesabu ng'ombe.

"Hicho kiandike," alimwambia walipofika nyumbani. "Hicho hicho, kama ulivyokisema."

Tirza alikaa mezani muda mrefu. Alipomaliza akasukuma karatasi. Ilikuwa imeandikwa: Ndama alijificha. Upepo ulivuma. Ndama alilia. Asubuhi ilifika.

"Hee! Na vingine vyote viko wapi? Na kinu?"

"Nimeviacha."

"Kwa nini, mama?"

"Sentensi fupi hazina matawi," Tirza alisema. "Nikiandika ndefu, Mama Lavonne atanipa niichore."

Corinne alikwenda akasimama kwenye sinki, akafungua maji, akayafunga. Aligundua kuwa hata katika kuongea, mtoto alikuwa ameanza kukatakata. Naenda. Nimeshiba. Mbwa katoka.

Mei huwa kuna mnada wao mdogo. Akina mama huleta masanduku ya vitabu ambavyo watoto wamevimaliza, wanavipanga mezani ukumbini, wanauziana. Corinne alikuta humo kitabu cha kijani, chembamba, jalada limeliwa na panya pembeni. Njia yake ilikuwa rahisi mno hata ikamtia mashaka. Mtoto anasimulia kwa mdomo. Mzazi anaandika yote bila kusahihisha. Kesho yake mtoto ananakili maneno yake mwenyewe kwa mkono wake, na sarufi anafundishwa humo humo, kidogo kidogo. Hakuna ubao. Hakuna matawi. Kinahitaji watu wawili tu, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikiliza.

Alisoma mstari huo wa watu wawili mara mbili.

"Jamani, mwoneni Corinne!" Merrilee Stukel, mcheshi wao, alipaza sauti kutoka meza ya pili. "Kashika kitabu cha wavivu! Shoga, hicho unafundisha huku umelala."

"Naangalia tu picha," Corinne alisema.

"Hakina picha hicho!"

Wakacheka wote. Corinne naye akacheka, akakichomeka kitabu chini ya vingine, akakilipia pamoja navyo. Alipoinua macho akamwona Lavonne anamtazama.  Lavonne alikunja mfuko wa karatasi, akauweka sawa juu ya mingine.

Kiangazi kile walikijaribu. Siku za mwanzo Tirza alisimulia vipande vifupi, anasita, anachungulia kama mama ana kalamu nyekundu. Hana. Anaandika tu. Julai ilipofika, mtoto alikuwa anasema na Corinne mkono unauma kumfuata, na asubuhi yake Tirza ananakili, ulimi nje, akiuliza mwenyewe, "Hapa mbona nilivuta pumzi na hujaweka alama?" Basi Corinne anamwonyesha alama. Ndivyo walivyosoma.

Lakini Agosti haikosi kufika, na Agosti ndipo akina mama wa Alhamisi wanapokula pamoja na kusema mwaka mpya watatumia nini. Utaratibu wao ni mmoja. Vitabu ni vya wote, madarasa ni ya wote, huchagui hili ukaliacha lile, na mama anakuja kwa sababu mtoto wake yuko darasani. Asiyetumia chekundu hana darasa, na asiye na darasa hana zamu, na asiye na zamu anakuja kufanya nini? Hakuna aliyewahi kulisema hivyo. Halikuhitaji kusemwa.

Rodney alipopiga simu kutoka njiani, Corinne alimuuliza.

"Sasa mke wangu, si ufanye vyote viwili? Alhamisi chekundu, siku nyingine kijani."

"Mwaka jana nilidhani atazoea, Rod. Akaanza kuongea kama telegramu."

Rodney akabadili gia, lori likanguruma. "Na wewe je?" akauliza. "Utaongea na nani?"

"Nina redio," Corinne alisema.

Siku ya chakula alipeleka viazi vya kuoka na jibini, katika bakuli lake la kioo. Kama kawaida ya huku, chini ya bakuli alibandika utepe wenye jina lake, lisije likapotelea kabatini kwa mwingine. Walikula mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga, na mikate ya mdalasini pembeni, vitu ambavyo huku kwetu tunapenda kuvila pamoja. Merrilee alieleza jinsi jogoo wake alivyomfungia mchungaji chooni. Corinne alicheka kwa dhati, akawaangalia mmoja mmoja, akasikiliza zile sauti zinazopandana juu ya meza, hakuna anayemaliza sentensi yake, na hakuna anayejali.

Kisha Lavonne akazunguka meza akimuuliza kila mama atatumia nini. Chekundu. Chekundu. Chekundu, dada, kama kawaida. Zamu ikamfikia Corinne.

"Sisi tutatumia cha kijani," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Kile cha wavivu!" Merrilee alidakia, kisha akaona uso wake, akaacha.

"Tirza amerudi kusema," Corinne alimwambia Lavonne peke yake, kana kwamba wengine hawapo. "Siwezi kumrudisha ubaoni."

Lavonne alimsogelea. "Wewe ndiye mama yake," akasema. "Sisi nani tukuamulie?" Akamshika bega, mkono ule ule uliowahi kumfulia shuka. "Krismasi lakini utakuja kula nasi."

"Nitakuja."

"Basi." Akaendelea kwa mwingine. "Chekundu?"

Hakuna aliyegombana. Corinne aliniambia hilo ndilo lililomuuma. Laiti wangegombana, angekuwa na kitu cha kukasirikia njiani. Alifika nyumbani ndipo akakumbuka kuwa bakuli lake amelisahau kule jikoni mwa kanisa, na moyo ukaruka kwa furaha, maana huku kwetu bakuli la mtu halikai. Lazima mtu alirudishe, na lazima lirudi na kitu ndani. Mtu atakuja. Ataingia, atakaa, atakunywa kahawa.

Alhamisi ya kwanza ya Septemba aliamka mapema, akajikuta amevaa hereni kabla hajafikiri. Akaziacha zilivyo. Wakapata staftahi. Alikuwa anapangusa meza alipoona vumbi barabarani, gari linatokea upande wa kina Hesse, linakwenda mjini. Likapunguza mwendo. Likasimama getini.

"Tirza! Toa vikombe, mama. Vile vizuri."

Akavua aproni, akateleka kahawa, akakaa, akasimama, akapanga viti. Kahawa ikachemka. Vumbi likainuka tena, safari hii likielekea mjini, likawa dogo, likaisha.

Waliteremka wote wawili kwa miguu hadi getini. Bakuli la kioo lilikuwa juu ya sanduku la barua, limeoshwa likang'aa, limejaa mikate ya mdalasini chini ya karatasi ya foili, bado ya moto. Utepe wa zamani ulikuwa umebanduka kwa maji. Mtu alikuwa amebandika mpya, akaandika jina la Corinne kwa mwandiko ulionyooka kama uzio.

"Ni Mama Lavonne," Tirza alisema. "Mbona hakuja ndani?"

 Corinne alikuwa anakitazama kibao chao, pale pale getini, rangi nyeupe imepauka lakini yasomeka vizuri. Tunasoma. Tafadhali njoo baada ya saa nane.

"Hakutaka kutusumbua," alisema hatimaye.

"Lakini tulikuwa bado hatujaanza."

"Yeye hakujua."

Alishika ubao kwa mkono mmoja, akauvuta. Msumari mmoja ulitoka na kutu yake. Wa pili ukagoma. Akavuta tena, ukagoma, na ubao ukabaki unaning'inia upande, maneno yanateremka kuelekea ardhini. Akauacha hivyo. Wakapanda kurudi nyumbani.

Vikombe vilikuwa bado mezani. Corinne akamimina kahawa katika kimoja, akajaza maziwa katika kingine, akamsukumia Tirza. Akachukua kalamu.

"Haya. Nisimulie."

Jioni Rodney alipopiga simu, Tirza alimsomea, kidole kikifuata mstari: "Bakuli letu lilirudi leo peke yake, likakaa juu ya sanduku la barua kama kuku anayeatamia, na lilikuwa bado na joto, na Mama alilibeba kwa mikono miwili njia nzima bila kusema neno, na mimi nikapewa gazeti la kwenye sanduku nilibebe, eti lisipeperuke, lakini nadhani Mama alitaka tu na mimi niwe na kitu mkononi."

Simuni lori lilinguruma.

"Hiyo yote ni sentensi moja?" Rodney aliuliza.

"Moja tu, Baba."

"Imenipitisha miji miwili. Hebu mpe mama yako simu."

Corinne aliichukua, wakasikilizana wakipumua, kisha mtandao ukakatika kama unavyokatika siku zote lori likishuka bondeni.

Tirza alilala jua likiwa bado limeshika ncha za vilima, mdomo una sukari ya mdalasini. Corinne alifunika mikate iliyobaki. Akaifungua redio, akasikiliza bei za ndama mpaka mwisho, hakuijibu. Akaizima. Akajinyoosha kwenye kochi, ubavu mmoja, hereni ikamchoma shavuni. Alitaka kuzivua zote mbili. Akavua hiyo moja, akaikunjia kiganjani, na ile nyingine ikiwa bado sikioni usingizi ukamchukua.